Uko Birere, Google inakuonyesha farmasi ya Gisenyi: namna biashara ndogo inavyoweza kuonekana kwenye ramani

Mtu aliyesimama Birere, mjini Goma, akiandika «pharmacie» kwenye telefoni yake, Google haimletei kwanza orodha ndefu ya tovuti. Inamuonyesha ramani ndogo, na chini yake majina matatu hivi: kila jina na nyota zake, saa za kufungua na alama ya kupiga simu. Farmasi zingine zote za kartie, hata zikiwa zimepangana mlango kwa mlango, zinabaki nyuma ya kitufe ambacho watu wachache wanajisumbua kubonyeza. Na kati ya yale majina matatu, moja linaweza kuwa la Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, sababu kwenye ramani ni karibu. Ukaribu huo hauhesabu foleni ya Petite Barrière, wala kama saa hiyo mpaka umefungwa.

Kwa mwenye farmasi aliyelipa fundi wa kompyuta amtengenezee tovuti, na leo hajioni popote, jambo hilo linaumiza. Makuta imetoka, tovuti iko, wateja wa telefoni hawaji. Mara nyingi kosa haliko kwenye tovuti yenyewe. Ni kwamba alianza na kitu cha pili akaacha cha kwanza.

Lakini kabla ya hapo, ni vizuri kusema nani anahitaji mambo haya. Mama anayeuza fufu na sombe kwenye soko la Virunga, au yule mwenye kioski ya uniti kwenye kona, wateja wake wanapita mbele yake kila siku. Hao hawana haja ya kupoteza forfe ya intaneti juu ya Google. Ni tofauti kwa hoteli, garage, duka la vipuli vya pikipiki, labo, atelye ya kushona suti za arusi, ajensi ya safari, depo la simenti, imprimerie. Mteja wao anaweza kuwa mgeni aliyeshuka kwenye boti bandarini Bukavu jana usiku. Anaweza kuwa mtumishi wa shirika aliyehamishiwa Bunia ambaye hajui hata avenyu moja. Anaweza kuwa ndugu aliye Brussels au Montréal anayetafuta nani atapeleka mabati kwa mjomba wake Butembo. Watu hao hawana jirani wa kuuliza. Wanauliza telefoni.

Kuna sababu nyingine pia. Tangu mapigano ya mwanzo wa 2025, kule Goma na Bukavu kuna maduka yaliyofungwa, mengine yamehama kartie, mengine yamebadilisha saa za kazi. Ramani haijui hayo yenyewe. Inaendelea kumtuma mteja mbele ya mlango wenye kufuli, mpaka mtu aje kurekebisha.

Fishi kwanza, tovuti nyuma

Kile kinachoonekana chini ya ile ramani ndogo si tovuti. Ni fishi ya biashara: jina, mahali, aina ya kazi, namba ya simu, saa, picha na maoni ya wateja. Fishi hiyo ni ya bure. Mwenye biashara anaifungua na akaunti yake ya Gmail, kwenye telefoni tu, bila kompyuta. Biashara isiyo na tovuti hata moja inaweza kuwa na fishi na kuonekana ya kwanza. Na biashara yenye tovuti nzuri sana, lakini bila fishi, haina njia ya kuingia kwenye yale majina matatu.

Mara nyingine fishi iko tayari na mwenyewe hajui. Mteja fulani aliweka jina la duka kwenye ramani miaka iliyopita, akaandika vibaya, akaweka picha ya mlango. Kabla ya kufungua fishi mpya, mwenye duka anapashwa kutafuta jina lake kwenye Google Maps. Akilikuta, aombe kulimiliki, sababu fishi mbili za duka moja zinagawana maoni na zinamchanganya mteja.

Google inaeleza yenyewe kwamba inapanga majibu ya mahali kwa kuangalia mambo matatu: kama biashara inalingana na kile mtu anachotafuta, kama iko karibu naye, na kama inajulikana. Inasema pia wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kulipa ili apandishwe kwenye majibu hayo. Kuna matangazo ya kulipia, ndiyo, ila yale yanabeba alama ya kuonyesha kwamba yamelipiwa, na makuta ikiisha tangazo linatoka.

Ukaribu hauwezi kubadilishwa. Duka liko pale liliko. Atelye ya Bagira itapata shida kushinda ile ya Nyawera kwa mteja aliye Nyawera, isipokuwa ilingane zaidi na anachotafuta, au mteja aandike mwenyewe «Bagira». Ndiyo maana mwenye biashara anayejipima kwa kutafuta akiwa ndani ya duka lake anajidanganya: pale ndani, bila shaka, yeye ndiye wa karibu kuliko wote.

Kulingana na kile kinachotafutwa, hapo kazi iko mikononi mwa mwenyewe. Kwenye fishi kuna mahali pa kuchagua aina ya biashara. Watu wengi wanaweka «boutique» tu, wanasonga mbele. Sasa mtu akitafuta vipuli vya moto, Google haina sababu ya kumletea «boutique». Anayeuza vipuli vya moto aseme anauza vipuli vya moto. Anayetengeneza friji aseme friji. Aina moja ya kwanza iwe ile inayolisha biashara kweli, zingine ziongezwe chini yake.

Wengine wanajaribu ujanja wa kurefusha jina: badala ya jina lililo kwenye bango, wanaandika jina na «hotel moins cher Goma wifi restaurant» nyuma yake. Sheria za Google zinakataza. Jina kwenye fishi linapashwa kuwa lile lililo kwenye bango na kwenye karatasi za RCCM. Fishi yenye jina la namna hiyo inaweza kusimamishwa siku moja bila onyo, na mwenyewe aanze tena kushindania nafasi yake.

Shida ya adrese

Hapa ndipo miji ya mashariki inapotofautiana na ile ambako vitu hivi vilitengenezewa. Kule barua inafika kwenye nyumba namba fulani, njia fulani. Huku kwetu adrese ni maneno ya mdomo: «ukifika Instigo unashuka kidogo, nyuma ya kanisa, kuna bango ya buluu». Nyumba nyingi hazina namba, au zina namba mbili, ya zamani na ya mpya. Jina moja la avenyu linaweza kurudia kwenye kartie mbili za mji mmoja. Mteja akiandika jina la avenyu peke yake, telefoni inaweza kumpeleka upande mwingine kabisa, na motari atamdai nauli mara mbili.

Kwa hiyo kitu cha maana kuliko maneno ya adrese ni ile pini. Mwenye biashara anapashwa kuikamata na kidole na kuiweka juu ya paa lake mwenyewe, akitumia picha ya satelaiti, si katikati ya avenyu wala juu ya nyumba ya jirani. Mita thelathini kwenye ramani ni kitu kidogo. Kule Kadutu, penye nyumba zilizobanana kwenye mteremko, mita thelathini ni ngazi nzima na kelele ya watu kumi wa kuulizwa.

Kuna pia msaada ambao watu wachache wanaujua: kodi ya mahali iliyotolewa na Google, inayoitwa Plus Code. Ni herufi na tarakimu chache zenye alama ya + katikati, pamoja na jina la mji. Kila kipande kidogo cha dunia kina kodi yake, hata pasipo na avenyu. Mtu akibonyeza kwa muda juu ya paa lake kwenye Google Maps, pini inatokea na kodi iko chini yake. Inaweza kutumwa kwa WhatsApp, kuandikwa kwenye fakture, hata kuchapishwa kwenye bango. Mteja anaiandika kwenye Google Maps, na inamleta mbele ya mlango.

Baada ya mahali, namba ya simu. Hapa karibu kila mwenye biashara ana laini mbili au tatu, Airtel, Vodacom, Orange, kulingana na rezo gani inashika siku hiyo. Matokeo yake: fishi ina namba moja, Facebook ina nyingine, bango lina ya tatu ambayo iliisha kufungwa. Na jina vilevile: hapa «Ets», pale «Maison», kule «Sarl». Google inalinganisha habari inazokuta pande zote. Zikipingana, haiwezi kuwa na uhakika kama ni biashara moja. Mteja naye anakata tamaa kwenye simu ya pili isiyoita. Ni afadhali kuchagua laini moja ambayo haizimwi, kuiandika na +243 mbele ili aliye Ulaya au Bujumbura aweze kuibonyeza tu, na kuweka ileile kila mahali.

Saa za kazi zinastahili neno lao. Siku za ville morte, sikukuu, au kipindi watu wanapofunga mapema juu ya usalama, fishi inaruhusu kuweka saa za pekee za siku hizo bila kugusa saa za kawaida. Mteja akija mara mbili na kukuta mlango umefungwa ilhali telefoni imesema kumefunguliwa, hatalaumu Google. Atalaumu duka, na pengine ataandika.

Kuthibitisha, na hatari zake

Google haiamini fishi mpaka mwenyewe athibitishe kwamba biashara ni yake. Njia inachagua Google yenyewe: wakati mwingine kodi kwa simu au ujumbe, mara nyingi siku hizi ni video. Inaomba video moja isiyokatwa, ya nusu dakika au zaidi, inayoonyesha njia na majirani, bango na vyombo vya kazi, halafu kitu kinachoonyesha kwamba huyu ndiye mwenyewe au msimamizi: anafungua mlango na ufunguo, au anaonyesha karatasi za biashara.

Kwenye makaratasi ni jambo rahisi. Kwenye avenyu ya Goma au Uvira, mtu anayetembea na telefoni juu akipiga video ya njia anaweza kuulizwa maswali. Ni busara kuangalia kwanza kama hakuna kituo cha askari au polisi karibu, kuchagua saa ya watu wengi, kuwaambia majirani, na kuanza video mbele ya duka tu badala ya kutoka mbali. Uso wa mtu hauhitajiki.

Usalama unagusa pia kile kinachowekwa hadharani. Anayefanyia kazi nyumbani, kama fundi wa umeme, mshonaji au mpishi wa sherehe, hapashwi kuonyesha nyumba yake. Google inaruhusu kuficha adrese na kuandika tu sehemu anakofika kufanya kazi: Ibanda, Kadutu, Panzi. Fishi inabaki, pini inatoka. Na kambiste au ajenti wa M-Pesa anayeweka picha ya ndani ya kioski, yenye meza, sanduku na mlango wa nyuma, amewapa wezi mpango wa nyumba bure. Picha ya bango na ya mbele inatosha.

Kodi ya kuthibitisha ikifika kwa SMS, haitolewi kwa mtu yeyote, hata anayejiita mtumishi wa Google. Watu wanaopiga simu na kuahidi «nafasi ya kwanza kwa uhakika» kwa dola fulani kila mwezi wanauza kitu kisichokuwa chao. Na kijana wa kartie anayesaidia kwa nia njema aingizwe kama msimamizi wa fishi, si kama mwenyewe. Siku watakapokosana, anatolewa kwa kubonyeza mara mbili. Akiwa ndiye mwenyewe, mwenye duka ndiye atakayeomba.

Maoni ya wateja

Kujulikana, lile jambo la tatu, kunatoka kwa watu. Google inaangalia maoni mangapi biashara imepata, nyota ngapi, na kama tovuti zingine zinaitaja. Katika miji yetu biashara nyingi hazina maoni hata moja, kwa hiyo kumi ya kweli yanaweza kuonekana sana. Namna ya kuyapata si siri: fishi inatoa linki fupi ya maoni. Mteja akishukuru juu ya kazi, anatumiwa linki hiyo kwa WhatsApp papo hapo, kabla hajafika nyumbani. Asiombwe nyota tano. Aombwe kusema alichofanyiwa. Mtu akiandika kwamba «walitengeneza injini ya jenereta yangu Katindo kwa siku mbili», sentensi hiyo inamsaidia hata mgeni atakayetafuta fundi wa jenereta.

Kununua maoni, kuwapa wateja punguzo ili waandike, au kuwapanga shemeji na binamu waandike jioni moja, yote yamekatazwa. Google inafuta maoni ya namna hiyo, na wateja wenyewe wanayatambua: majina kumi, maneno yaleyale, siku ileile. Maoni mabaya yakija, yajibiwe kwa upole na kwa ufupi, sababu jibu linasomwa na wengine zaidi kuliko na yule aliyekasirika.

Na tovuti, ina faida gani?

Ina faida, fishi ikiisha kukaa vizuri. Inaeleza bei, inaonyesha kazi zilizofanyika, na inampa Google maneno zaidi ya kujua biashara inafanya nini na wapi. Lakini tovuti nyingi za huku zinasema kidogo sana kwa uzito mkubwa. Kichwa cha ukurasa kimeandikwa «Accueil», basi. Neno hilo halimwambii mtu kitu. «Vipuli vya pikipiki Butembo, komini Kimemi» linasema yote. Namba ya simu imefichwa ndani ya picha, haiwezi kubonyezwa, na Google haiisomi vizuri. Picha tatu zimetoka moja kwa moja kwenye telefoni, kila moja mega nne au tano, na mteja mwenye forfe ndogo anafunga kabla hajaona bei. Picha ileile ikipunguzwa ukubwa inaweza kushuka chini ya mega robo na jicho lisitambue tofauti.

Tangu Oktoba 2023 Google ilitangaza kwamba imemaliza kuhamia kwenye kusoma tovuti kwa namna zinavyoonekana kwenye telefoni, si kwenye kompyuta. Kwa hiyo fundi anayeonyesha kazi yake kwenye skrini kubwa ya ofisi anaonyesha ile sura isiyohesabiwa. Mwenye biashara aifungue kwenye telefoni ya kawaida, na rezo ya jioni.

Lugha nayo ina kazi. Huku watu wanaongea Kiswahili mchana kutwa, lakini wakitafuta hoteli au labo wengi wanaandika Kifaransa. Ukurasa uwe na maneno ya Kifaransa ambayo wateja wanaandika, na maelezo ya Kiswahili kwa anayesoma Kiswahili. Mwenye matawi mawili, Beni na Butembo kwa mfano, atenge ukurasa kwa kila tawi, na kila ukurasa uwe na linki kwenye fishi yake.

Jambo moja ambalo limewagharimu wengi ni jina la tovuti kuandikishwa kwa jina la fundi. Mwaka ukiisha na fundi amehamia Kampala, jina halilipiwi, tovuti inazimika, na bango lililochorwa kwa rangi ghali linaonyesha mahali pasipokuwepo. Hata Google yenyewe iliwafanyia watu hivyo: ile tovuti ndogo ya bure iliyotolewa pamoja na fishi ilifungwa Machi 2024. Jina liandikishwe kwa jina na barua pepe ya mwenye biashara, na neno la siri abaki nalo yeye.

Google si ramani pekee. Madereva wengi wa mashirika ya misaada wanatumia ramani za OpenStreetMap, ambazo zinafunguka bila rezo ndani ya programu kama Organic Maps. Hizo zinachorwa na watu wa kujitolea, na mtu yeyote anaweza kuongeza hoteli au garage yake huko bila kulipa. Kwa anayefanya kazi kwenye njia za Rutshuru, Fizi au Djugu, ambako rezo inapotea kilomita nyingi, hiyo pengine italeta mteja mapema kuliko Google.

Mabadiliko hayaonekani kesho yake. Inaweza kuchukua majuma kadhaa. Ili kupima, mwenye biashara amuombe rafiki aliye kartie nyingine atafute kwenye telefoni yake, akiandika kazi na jina la kartie, bila kuandika jina la duka. Ndani ya fishi kuna pia hesabu ya watu waliobonyeza kupiga simu na walioomba njia. Simu zikiwa nyingi na wateja wachache, cha kwanza cha kuangalia ni nani anapokea telefoni ile, na anajibu namna gani.